Uchovu wa kazi usioisha kwa kulala

Jumatatu moja, miaka michache iliyopita, nilipanda daladala kwenda kazini kama siku zote. Nilipata siti ya dirishani, jambo ambalo kwa asubuhi ya Dar es Salaam ni bahati. Tulipofika kituo changu konda akagonga bodi, abiria wakashuka, mimi nikabaki nimekaa. Sikuwa nimesinzia wala sikuwa na homa. Miguu iligoma tu. Gari likafika mwisho wa safari, likapakia wengine, nikatoa nauli ya pili na kurudi nalo hadi nilikotoka. Nyumbani nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka saa sita mchana. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Jumapili yake nilikuwa nimelala karibu kutwa nzima.

Nakusimulia haya kwa sababu watu wengi wakifikia hapo hulala siku moja, wakaamka walewale, kisha wanaanza kudhani wamerogwa au wamekuwa wavivu. Upo uchovu unaoondoka kwa kulala, na upo usioondoka. Huu wa pili unatibika, lakini una utaratibu wake. Tuuchukue taratibu.

Kwanza, ni kitu gani hiki? Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeutaja uchovu huu na kueleza kwamba si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake limezitaja tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu, ule uchovu wa kuamka nao asubuhi. Ya pili ni moyo kuihama kazi: uliyoipenda sasa unaichukia, na wateja, wanafunzi au wagonjwa wanakuwa "hawa watu". Ya tatu ni kuona kwamba hakuna unachokifanya kikafaa, hata kama mwezi uliopita ulisifiwa mbele ya wenzako.

Ile ya pili ndiyo inayowapita wengi bila kuiona. Jirani yangu mmoja ni muuguzi. Anasema alijua limemfika siku alipokuwa mezani nyumbani akisimulia ya wodini, mtoto wake wa miaka tisa akamuuliza, "Mama, kitanda namba nne ni nani?" Alikuwa anamsimulia mgonjwa kwa namba ya kitanda, naye ni mtu aliyekuwa akijua majina ya wagonjwa wote na ya ndugu waliokuja kuwaona.

Aliyeipa hali hii jina la kitaalamu, lenye maana ya kuungua, alikuwa Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974. Aliiona kwa watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure, na kwake mwenyewe pia. Walioanza kuungua walikuwa wale waliojituma zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba uchovu wako ni uvivu, jua anayesema hivyo hajauelewa.

Sasa unaanzia wapi? Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kabla ya kuilaumu kazi. Upungufu wa damu huchosha vilevile. Kisukari huchosha, na tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango humfanya mtu awe mzito kama gunia. Mweleze daktari wazi: umechoka kwa muda gani, unalala saa ngapi, hamu ya kula ikoje, kama umepungua au kuongezeka uzito. Omba upimwe presha, sukari na wingi wa damu. Ni vipimo vya kawaida na havichukui muda. Gharama hutofautiana kati ya kituo na kituo, hivyo uliza dirishani kabla hujakaa kwenye foleni, na kama una kadi ya bima iwe mfukoni. Kuanzia ngazi ya chini kwa kawaida ni nafuu kuliko kukimbilia hospitali kubwa, na watakuandikia rufaa ikihitajika.

Kuna jambo jingine ambalo daktari anapaswa kulisikia. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni isiyo na mlango wa kutokea, hufurahii tena hata mambo yasiyohusu kazi kabisa, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaohitaji matibabu yake. Uchovu wa kazi mara nyingi hupungua ukiwa mbali na kazi. Sonona inakufuata hadi ufukweni. Na kama umepata mawazo ya kujidhuru au kuona heri usiwepo, usisubiri kumaliza kusoma. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na mwende hospitali leo. Kwa Tanzania unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, ukaelekezwa.

Huko hospitali unaweza kukutana na mnasihi, mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Usiogope jina. Tumezoea kutaniana, "wewe mpeleke Mirembe," tukimaanisha kichaa, na utani huo umewafungia watu wengi mlango. Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa, ina madaktari kama hospitali nyingine. Tena kwa uchovu wa kazi huna haja ya kufika huko. Hospitali nyingi za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, na mtu anaingia na kutoka kama aliyekwenda kung'oa jino.

Ukishajua mwili uko salama, nunua daftari dogo. Kwa wiki moja andika mambo mawili tu: saa uliyoanza kazi na saa uliyoiacha. Simu ya kazi uliyoijibu saa tatu usiku nayo ni kazi, iandike. Mimi nilipofanya hivyo nilidhani nafanya kazi saa 50 kwa wiki. Daftari likasema 67.

Namba hiyo ina maana kwa sababu sheria nayo ina namba zake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi sita. Ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho ziwepo saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 na Zanzibar ina ya kwake ya 2005, kwa hiyo msomaji wa huko aulize za kwao.

Tuchukue mfano wa pesa, maana hapo ndipo watu huamka. Mshahara wako wa msingi ni shilingi 585,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa 45 upate wa saa. Inakuja kama shilingi 3,000. Saa moja ya ziada basi ni shilingi 4,500. Ukifanya saa 10 za ziada kila wiki bila kulipwa, kwa wiki nne umemkopesha mwajiri wako shilingi 180,000, na hakukuomba. Tahadhari moja: vifungu vya saa za kazi havimhusu meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wengi tuliopewa vyeo vya "meneja" tulipongezwa bila kuambiwa hilo.

Baada ya daftari, likizo. Sheria hiyohiyo inakupa siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila mzunguko wa mwaka, sikukuu zikiwa humohumo. Mwajiri ndiye anayepanga lini uende, lakini hatakiwi kukuchelewesha zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au 12 kama wewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo. Na ukiwa likizo, haruhusiwi kukufanyisha kazi. Kwa mwenzetu wa Kenya ni siku 21 za kazi. Kama hali ni mbaya na daktari amekuandikia mapumziko, hiyo ni likizo ya ugonjwa, haitoki kwenye zile 28. Ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari ndicho ufunguo, kipige picha kabla ya kukikabidhi.

Omba kwa maandishi, kwa heshima na kwa ufupi. Huna haja ya kueleza moyo wako wote. "Naomba kutumia siku zangu za likizo ya mwaka kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 30. Kazi zangu nimeziorodhesha hapa chini pamoja na nani atazishika nikiwa sipo." Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayopitisha barua. Bosi akishaona mahali pa kushika, mkono wake huwa mwepesi kusaini.

Likizo yenyewe utaifanyia nini? Hapa ndipo tunapoharibu. Wabongo tunatunza likizo kwa ajili ya ujenzi, harusi na misiba. Mtu anaondoka kazini Ijumaa, Jumamosi yuko saiti anahesabu tofali, wiki ya pili yuko kijijini ameshafanywa mweka hazina wa kamati. Anarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka, na ana deni. Nakuomba, kama huna uwezo wa kuilinda likizo yote, linda wiki moja. Siku tatu za kwanza usipange kitu. Lala unavyotaka. Kuanzia ya nne, amka saa ileile kila siku, toka nje asubuhi jua likiwa bado pole, tembea. Utahisi hatia, mimi ya kwangu ilidumu siku sita, ya saba nikajikuta nasikiliza chiriku kwenye mwarobaini wa jirani na sikumbuki nilikuwa nimeanza lini.

Lakini likizo peke yake ni panadoli. Ukirudi kwenye mambo yaleyale, miezi miwili haipiti. Ndiyo maana lazima tuongee habari ya mipaka.

Mpaka ni nini? Ni kujua mwisho wako uko wapi na kumwambia mwenzako kabla hajaufikia. Watu wengi huusikia kama jeuri, hasa sisi tuliolelewa kwamba mkubwa akituma hukatai. Ila hata shambani mpaka unapandwa mkatani au minyaa ili majirani waishi vizuri. Usipopandwa ndipo panapotokea kesi. Ushauri wangu ni huu: anza na mpaka mmoja, mdogo, ambao hauhitaji ruhusa ya mtu. Simu inafaa.

Chagua saa ya kuweka kazi chini, tuseme saa moja na nusu usiku. Ikifika, nyamazisha makundi ya WhatsApp ya kazini. Kunyamazisha si kujitoa, hakuna atakayejua. Zima zile alama za bluu zinazoonyesha kwamba umesoma. Simu iende ikachajiwe sebuleni, na kama ndiyo saa yako ya kuamkia, saa ya mezani ya Kariakoo haina bei ya kutisha. Ujumbe wa saa nne usiku utaukuta asubuhi, na utaujibu saa mbili: "Habari za asubuhi, mkuu. Ujumbe wa jana usiku nimeuona. Ripoti utaipata leo kabla ya saa sita." Ona kwamba hujaomba radhi na hujagombana. Ukifanya hivyo wiki tatu bila kukosa ahadi ya saa sita, bosi mwenyewe atajifunza mwendo wako. Zamu ya dharura ni jambo jingine. Muuguzi au fundi umeme aliye zamu anapokea simu, lakini zamu iwe na tarehe na iwe na mwisho.

Kazi ikiongezwa juu ya kazi, usiseme "siwezi". Sema: "Sawa mkuu, nitaifanya. Nina pia hesabu za mwezi zinazotakiwa Ijumaa. Ipi itangulie?" Swali hilo linamrudishia mkubwa uamuzi ambao ni wake. Nilichelewa miaka mingi kulijua.

Kwa ndugu ni kugumu zaidi, maana ndugu hana mkataba. Jirani yangu muuguzi alipigiwa na mjomba wake kuhusu harusi ya binti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Tumekuweka kwenye kamati, vikao ni kila Jumapili."

"Nashukuru mjomba kwa kunikumbuka, na harusi nimeifurahia. Nitachangia elfu hamsini, nitaituma tarehe 28. Ila vikao nisamehe, Jumapili ndiyo siku ninayopumzika, afya haijakaa sawa."

Mjomba alinung'unika, akampigia mama yake, mama akampigia yeye. Wiki ya tatu yakaisha, kwa sababu hela ilifika tarehe aliyoitaja. Kitu kilichomsaidia ni kutaja anachoweza kwanza, kwa kiasi na tarehe, ndipo akataja asichoweza. Ukikataa kitu bila kutoa kingine, kwetu hilo linaitwa kuringa.

Na nyumbani? Mwanamke anayetoka kazini saa kumi na moja anaingia zamu ya pili jikoni, na makala nyingi za afya humwambia "jipende" zikaishia hapo. Afadhali akae na baba watoto siku ya utulivu, si siku ya ugomvi, waandike kazi zote za nyumba kwenye karatasi moja: maji, madaftari ya watoto, kufua, soko, kupika, kumpeleka bibi kliniki. Watu wengi hawajawahi kuiona orodha hiyo ikiwa imeandikwa. Halafu wagawane, na mtoto wa miaka kumi apewe sare zake afue mwenyewe. Zitatakata nusu, na hatakufa.

Matunzo ya kila siku nitayapitia haraka, maana unayajua. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kahawa ya saa kumi jioni bado iko mwilini usiku, na zile soda za kuongeza nguvu zinakukopesha nguvu ya kesho. Bia husinzisha, kisha huamsha saa tisa usiku. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Ukishuka kituo kimoja kabla umeshapata nusu yake bila kulipa gym. Kula mchana ukiwa umekaa, mbali na kompyuta. Na uwe na kitu kimoja kwa wiki kisicholeta pesa: kwaya, dufu, bao, mpira wa mchangani. Kama unasali, sala isiwe kikao kingine cha kamati.

Anayejiajiri atauliza, mimi nani atanipa likizo? Kweli, hakuna. Mama lishe akifunga siku moja, siku hiyo hakuna mauzo. Angalia basi daftari la mauzo ujue siku gani huwa dhaifu kuliko zote, ndiyo iwe ya kufunga. Bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri ajadili mapema siku moja isiyo na hesabu, iandikwe kwenye mkataba pale wanapoandikiana, kwa sababu pikipiki ikishakabidhiwa tajiri hasikii tena. Wauza duka wawili majirani wanaweza kushikiana zamu ya Jumapili.

Na mwajiri akikataa kabisa? Anza na ofisi ya rasilimali watu, kwa maandishi. Kama wewe ni mwanachama wa TUGHE, TUICO, CWT au chama kingine cha wafanyakazi, mwone mwakilishi wa tawi. Makato ya kila mwezi ni kwa ajili ya siku kama hii. Kisha yupo afisa kazi wa mkoa, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro huko. Kwa madai mengine, kama likizo au saa za ziada, ni siku 60. Siku hizo hazisubiri uchovu uishe, kwa hiyo daftari lako la saa na nakala za barua viwe pamoja. Kuacha kazi ni njia pia, ila usiandike barua hiyo ukiwa kwenye wiki mbaya. Mimi niliiandika mara mbili, nikaiweka droo, na mara ya tatu sikuiandika.

Itachukua muda gani? Kwangu ilikuwa kama miezi minane kabla ya Jumatatu kuwa siku ya kawaida. Kwa jirani yangu ni zaidi ya mwaka, na alilazimika kuomba kuhamishwa wodi. Kuna wiki utarudi nyuma. Usizihesabu.

Kesho ukifika kazini, kabla ya chai, nenda rasilimali watu ukaulize swali moja: nimebakiwa na siku ngapi za likizo? Waombe wakuandikie.